Fairlady Z (Z33): nyuma nibaki na 245/45R18 au niende 265?

DerevaKigamboni aliandika:

Wakuu, heshima zenu. Naomba msaada wa wanaojua tairi, maana nimezunguka Gerezani na Ilala na kila duka lina jibu lake.

Gari ni Nissan Fairlady Z, Z33 ya 2005, gia manyuo, injini VQ35DE. Niliagiza Japani ikaja na rimu zake za Nissan za inchi 18. Mbele imevaa 225/45R18, nyuma 245/45R18, na stika iliyo kwenye nguzo ya mlango wa dereva inasema hivyohivyo. Za mbele bado nzima. Za nyuma zimekwisha, tena zimekwisha vibaya: kwa nje ukiangalia kashata zipo, ukipitisha mkono kwa ndani unakuta kipara kabisa, sehemu nyingine nyuzi zimeanza kuonekana.

Duka la kwanza wameniambia 245/45R18 haipatikani, nichukue 265/35R18 mbili wanazo stoo, kwamba ni pana zaidi hivyo gari itashika barabara zaidi. Duka la pili wakasema niachane na mambo ya saizi mbili, nivae saizi moja zote nne kama magari mengine.

Matumizi yangu: kila siku Kigamboni kwenda mjini kupitia darajani, mara mojamoja Morogoro, na nikipata likizo napanda Iringa kwa wakwe, yaani Kitonga lazima niipite. Siendi mashindanoni. Lakini gari hii nimeitafuta muda mrefu na ninapenda inavyoingia kona, sitaki kuiharibia tabia yake kwa sababu duka fulani lina tairi ambazo hazijatoka.

Nilichokiona mwenyewe: nimefungua tairi moja ya mbele na moja ya nyuma, rimu zote zimepigwa chapa 18x8JJ kwa ndani, yaani kipenyo inchi 18, upana inchi 8. Sasa kama rimu zina upana sawa, kwa nini Nissan waliweka tairi tofauti? Na hiyo 265/35 ina ubaya gani kweli?

---

KijanaWaCrown alijibu:

Kaka usijitese. 225/45R18 ni saizi ya Crown Athlete, mji mzima zipo, mpya na za bei zote. Vaa nne, kila sevisi unazungusha za mbele zinaenda nyuma na za nyuma zinakuja mbele, zinaisha pamoja. Ukipata pancha Chalinze usiku huhangaiki. Mimi ndivyo ninavyofanya kwenye Crown yangu na safari za Dodoma naenda nikirudi bila shida.

---

FundiWaTairi alijibu:

DerevaKigamboni, usitoe hela kwanza. Nafunga tairi Ilala tangu enzi za Grande, Z33 napokea, na nitaandika kirefu kwa sababu gari hii inastahili.

Watu wengi wakiongelea saizi wanaangalia namba ya kwanza tu, 225, 245, 265. Hiyo ni upana. Mimi naanza na kimo cha tairi nzima ikiwa imesimama. Hesabu yake ni nyepesi: inchi 18 ni milimita 457.2, unaongeza ubavu wa juu na ubavu wa chini. Ubavu wa 225/45 ni asilimia 45 ya 225, yaani milimita 101. Kwa hiyo:

225/45R18 ina kimo cha milimita 659.7
245/45R18 ina kimo cha milimita 677.7
265/35R18 ina kimo cha milimita 642.7

Angalia mbili za juu. Gari yako ilitoka kiwandani tairi ya nyuma ikiwa ndefu kuliko ya mbele kwa milimita 18, karibu asilimia 2.7. Kila gurudumu lina sensa ya ABS (breki zinazozuia tairi kujifunga) inayohesabu mizunguko, na kompyuta ya VDC, ile inayozuia gari kuteleza, imepangwa ikijua kwamba kwenye barabara iliyonyooka tairi za nyuma zinazunguka taratibu kidogo kuliko za mbele. Huo ndio uhusiano wa kulinda kabla ya kufikiria upana.

Sasa weka hiyo 265/35 nyuma na uache 225/45 mbele. Tairi ya nyuma imekuwa fupi kuliko ya mbele kwa milimita 17. Umegeuza mambo juu chini: nyuma sasa zinazunguka haraka kuliko mbele kwa asilimia 2.6, wakati kompyuta ilitarajia kinyume chake. Ukijumlisha, umehama zaidi ya asilimia 5. Kwa kompyuta, tairi za nyuma zinazokimbia kuliko za mbele maana yake zinateleza. Itaanza kuwasha taa ya SLIP na kukukatia nguvu ya injini ukiwa unaovateki lori, mahali ambapo unaihitaji nguvu yote. Utaambiwa uzime VDC kwa swichi. Sawa, VDC ina swichi, lakini ABS haina, na yenyewe inasoma sensa hizohizo.

Halafu rimu. Umefanya jambo zuri sana kusoma chapa, wateja wangu wengi hawajawahi kuiona. Rimu ya inchi 8 inapokea 225/45, ambayo inakubali rimu kuanzia 7 hadi 8.5, na inapokea 245/45, inayokubali 7.5 hadi 9. Ile 265/35 inataka kuanzia 9 hadi 10.5. Ukiilazimisha kwenye 8 itaingia, mashine ina nguvu, na upepo itashika. Ila kuta zake zitabanwa kwa ndani, uso wa tairi utavimba katikati, mabega yatakuwa hayakanyagi sawasawa. Ukiingia kona tairi inajikunja juu ya rimu kwanza ndipo gari inageuka. Umenunua 265 na unakanyagia chini ya hapo.

Bado barabara zetu. Ubavu wa 245/45 ni milimita 110, wa 265/35 ni milimita 93. Nyuma ya gari itashuka karibu sentimita 2 na mpira unaolinda rimu unapungua kiasi hichohicho. Kwa mashimo ya Kigamboni na yale matuta ya hifadhini Mikumi, hizo milimita 17 ndizo zinazotenganisha rimu nzima na rimu iliyopinda. Na injini itazunguka zaidi kwa asilimia 5 kwenye spidi ileile, safari nzima ya Iringa, na mafuta unayalipa wewe.

Kwa hiyo 265/35 ikatae kabisa.

Sasa ushauri wa KijanaWaCrown. Ndugu yangu, hujasema jambo baya, saizi hiyo kwenye rimu ya 8 inakaa vizuri na ni kweli imejaa mjini. Lakini Crown Athlete ilizaliwa na saizi moja zote nne, ikapangwa hivyo springi na kila kitu. Z33 ina farasi 280 na zote zinapita kwenye tairi mbili za nyuma. Ukikanyaga mafuta uzito unahamia nyuma, tairi za nyuma zinavuta na kushika kona kwa wakati mmoja. Nissan waliongeza mpira kule ili ukizidisha spidi kwenye kona, tairi za mbele ndizo zianze kuachia. Za mbele zikiachia unahisi usukani umekuwa mwepesi na gari inatanuka nje ya kona. Unaachia mafuta kidogo, inarudi. Mkia ukianza kutupa kwanza, tena kwenye lami yenye maji ya masika, muda wa kufikiri ni mdogo sana na dereva wengi wanachofanya ni kukanyaga breki, ambacho ndicho kibaya kuliko vyote.

Honda walipitia jambo hili na S2000. Za mwanzo zilikuwa na 205/55R16 mbele na 225/50R16 nyuma, gari tamu, lakini mkia wake ulikuwa mkali. Kwenye modeli ya 2004 wakaenda 215/45R17 mbele na 245/40R17 nyuma. Mbele wameongeza 10, nyuma 20, na springi wakazipanga upya. Walitaka nyuma itulie.

Jibu langu kwa hiyo ni 245/45R18, ileile. Na si kweli kwamba haipatikani. Usiiulize kwa wauza tairi za magari ya michezo, nenda kwa wanaohudumia BMW. 5 Series ya F10 yenye rimu za 18 inavaa 245/45R18, na hizo BMW ziko nyingi mjini. Angalizo moja tu: nyingi za BMW ni zile za kutembea bila upepo, ubavuni zina alama ya RSC au maneno ya run flat. Usizichukue. Ubavu wake ni mgumu, za mbele zako ni za kawaida, gari itakuwa na tabia mbili. Waambie unataka ya kawaida, 96W au zaidi. Hiyo 96 ni kilo 710 kwa tairi moja na W ni kasi ya kilomita 270 kwa saa. Usikubali kushushiwa herufi kwa kuambiwa huku hakuna anayefika spidi hiyo. Herufi inaeleza pia tairi inavyovumilia joto, na lami ya Chalinze saa nane mchana unaijua.

Kabla ya yote hayo, nina swali. Tairi iliyoisha kwa ndani peke yake haikuharibiwa na saizi. Gari imeshushwa?

---

BintiArusha alijibu:

FundiWaTairi amesema yote, naongeza kutoka upande mwingine maana mimi naendesha Toyota 86, na yenyewe ni ya kusukuma nyuma.

86 ilitoka na 215/45R17 zote nne, na zile za kiwandani zilikuwa Michelin Primacy HP, aina ambayo Toyota iliifunga pia kwenye baadhi ya Prius. Watu wanashangaa gari ya michezo kupewa tairi ya kubania mafuta. Toyota walikusudia. Gari ni nyepesi, kama tani 1.2, farasi 200, walitaka dereva wa kawaida aisikie ikiteleza polepole kwenye spidi za kawaida, akiwa bado anaweza kuirudisha.

Hapa Arusha kuna gari kama yangu ilifungwa 245 nyuma huku mbele ikabaki 215, kwa ajili ya kuonekana imejaa nyuma. Niliiendesha njia ya Usa River. Kwenye kona ya kushoto nikageuza usukani, pua ikawa inasita, kama inaomba ruhusa. Niliongeza mafuta ili nyuma isaidie kuigeuza, nyuma ikagoma kwa sababu imeshika kupita kiasi. Gari iliyotengenezwa icheze imefungwa miguu.

Kwa hiyo mimi siamini kwamba saizi mbili ni bora wala kwamba saizi moja ni bora. Z ilipangwa na mbili, 86 ilipangwa na moja, na waliopanga walikuwa na springi, stabilaiza na uzito wa kila pembe mezani. Ukibadilisha upande mmoja tu umebadilisha hesabu yote. Kama unataka gari ishike zaidi, weka hela kwenye ubora wa mpira, saizi iache. 245 ya daraja la juu itakushikilia kuliko 265 ya bei rahisi, na kwenye maji tofauti inaonekana zaidi.

---

NairobiSTI alijibu:

Ndugu zangu, nimefuata mjadala huu kutoka Nairobi. Mimi niko na Subaru WRX STI, ile ya GRB, inavaa 245/40R18 zote nne. Rafiki zangu wananisukuma niweke 265 nyuma ndiyo ionekane vizuri. Fundi, hii yangu inaruhusu?

---

FundiWaTairi alijibu:

NairobiSTI, hapana. Na yako ni hatari zaidi kuliko ya Z. Z33 inasukuma nyuma tu, ukikosea kimo unasumbua kompyuta. Wewe unavuta tairi zote nne, mbele na nyuma zimeunganishwa na difu ya kati. Vimo vikitofautiana, hiyo difu haipumziki hata kwenye barabara iliyonyooka, inazunguka muda wote kufidia, inachemka, inakula. Na ukiifunga kwa ile swichi yake ndiyo unaisaga kabisa. Wewe ni nne sawa: saizi moja, aina moja, na kashata zisipishane sana. Ndiyo maana kwa Subaru pancha moja isiyozibika inaweza kukulazimisha kununua tairi zote. Ukitaka upana, panua zote nne kwa pamoja na rimu zake.

BintiArusha, nimefurahi sana kusoma ulichoandika. Hiyo pua inayosita ndiyo yenyewe.

---

DerevaKigamboni alijibu:

Fundi, ubarikiwe. Ndiyo, imeshushwa. Springi si za Nissan, ni fupi, ilikuja nazo kutoka Japani. Nyuma ukiisimamia kwa mbali unaona tairi zimelala kwa juu kuingia ndani. Nilidhani ni urembo wake.

Na swali la mwisho: nikija kupata rimu pana zaidi siku za mbele, nifanye vipi bila kuvunja huo uhusiano?

---

FundiWaTairi alijibu:

Basi tumepata mla tairi. Gari hii ikishushwa, tairi za nyuma zinalala kuelekea ndani, kemba inaongezeka, na pamoja na hiyo mwelekeo wake unabadilika, zinakuwa hazitazami mbele sawasawa. Kulala peke yake kunakula taratibu. Kutazama pembeni kunakula haraka, maana tairi inaburutwa upande kila mita unayotembea. Vikikutana, bega la ndani linakwisha wakati la nje bado jipya.

Nyuma ya Z33 ina bolti za kurekebisha vyote viwili. Mbele kemba haina bolti, ni mwelekeo tu unaorekebishika. Nenda alaimenti ya kompyuta, na udai karatasi yenye namba za kabla na za baada. Usikubali wakufanyie mbele tu na kukwambia nyuma haina marekebisho, hiyo ni kwa magari mengine. Kabla hawajagusa bolti, waangalie na bushi za mikono ya nyuma, zikiwa zimepasuka alaimenti haidumu. Ikitokea bolti zimefika mwisho na tairi bado imelala, una njia mbili: rudisha springi za kimo cha kiwandani, au tafuta mikono inayorekebishika. Kwa matumizi yako mimi ningerudisha springi. Kitonga na mashimo havihitaji gari iliyo chini.

Utaratibu uwe huu: bushi na springi kwanza, kisha tairi, kisha alaimenti siku hiyohiyo ya tairi mpya. Usipime alaimenti juu ya tairi iliyoliwa upande.

Ukifika dukani, soma tarehe ubavuni, zile namba 4 za mwisho baada ya DOT. 1424 maana yake wiki ya 14 ya mwaka 2024. Hakikisha mbili zote zina tarehe zinazokaribiana. Na kama hela inatosha, tafuta aina na mchoro uleule ulio nao mbele. Mpira wa mbele na wa nyuma ukiwa wa familia moja unapoteza na kushika kwa namna moja, mvua ikinyesha huna la kushangaa. Tairi zikiwa na mshale wa kuzunguka, moja ni ya kushoto na moja ya kulia, simama hapo uone zinafungwa upande upi.

Halafu jipimie mwenyewe, usimwamini hata mimi. Weka upepo kama stika inavyosema, simamisha gari kwenye sakafu ya saruji, chora mstari wa chaki ubavuni mwa tairi ya mbele mahali inapogusa chini, na alama nyingine sakafuni hapohapo. Sukuma gari taratibu mpaka mstari urudi chini, weka alama, pima kwa futi kamba. Fanya hivyohivyo nyuma. Namba zitakuwa ndogo kidogo kuliko za hesabu kwa sababu uzito wa gari unabonyeza tairi, na za mbele zikiwa zimelika zitapungua tena kidogo. Ila nyuma inatakiwa itembee mbali kuliko mbele kwa kama sentimita 5 na nusu kwa mzunguko mmoja. Ukiona nyuma ni fupi, rudisha tairi dukani kabla hazijachafuka.

Kuhusu rimu za baadaye: ukipata 9 mbele na 9.5 nyuma, vaa 255/40R18 na 275/40R18. Vimo vyake ni 661.2 na 677.2, tofauti ni milimita 16, asilimia 2.4. Umekaa karibu kabisa na walipokuwa Nissan, na kila tairi iko ndani ya upana wa rimu yake. Lakini kabla ya kulipa uliza ofuseti, yaani rimu inakaa ndani au nje kiasi gani ikifungwa, maana rimu inaweza kuwa na upana sahihi na bado ikachubua fenda au ikagusa mkono wa ndani. Tundu la katikati ni milimita 66.1 na nati ni 5 kwenye duara la milimita 114.3.

---

DerevaKigamboni alijibu:

Nimepata. Muuzaji wa tairi za BMW anazo 245/45R18 96W za kawaida, mbili, zote za wiki moja. Mchoro ni uleule wa za mbele. Springi za kimo cha kiwandani nimeahidiwa wiki ijayo na fundi wangu wa Temeke, kwa hiyo tairi nitazilipia sasa zibaki hapo mpaka springi zifungwe. Ile 265/35 nimewapigia kuwaambia wasiniwekee.

Fundi, nati nikaze kiasi gani? Kijana wa duka lile la mwanzo alikuwa anakaza kwa bunduki ya upepo mpaka mwisho.

---

FundiWaTairi alijibu:

Nyutonimita 108, kwa spana ya toki, gari ikiwa imeshushwa chini, na kaza kwa mtindo wa nyota, usifuate mzunguko. Bunduki ni ya kufungulia. Ukishatembea kama kilomita 100 rudia kuzikagua zikiwa zimepoa. Karatasi ya alaimenti ikitoka, weka namba za nyuma hapa tuzione.